Wale Wawili Waliosimama Stesheni

Mfuko wa kamera una harufu yake, na ninyi wa rika langu mtaikumbuka: ngozi ya bandia iliyoanza kubabuka, betri iliyovuja kidogo, na kile kipakiti cha kuzuia unyevu ambacho tulionywa tusile. Nilikutana nayo wiki iliyopita nikihama chumba hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, kutoka ghorofa ya tatu kwenda ya chini kwa sababu huko juu maji hayapandi. Nilikuwa nimekaa sakafuni nikipanga vitu. Siwezi kutia vitu kwenye katoni bila kuvipanga kwanza, na huwa navipanga mpaka mwenye mkokoteni anaanza kuguna. Nikafungua kijimfuko cha pembeni, kile cha betri za akiba, nikatia kidole. Kidole kikatoka na unga wa kahawia. Ndani ya ule unga kulikuwa na punje mbili za njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, zimetobolewa na fukusi mpaka zimebaki maganda.

Mwenye mkokoteni aliuliza kama kuna kitu kimevunjika. Nilimwambia hapana, anipe dakika tano. Alienda akanywa chai, akarudi, akanikuta nimekaa palepale.

Kamera ile nilinunuliwa na baba nilipokuwa na miaka kumi na moja, kwa kuwa wa kwanza darasani. Sikuifurahia nafasi ya kwanza kama watu walivyodhani, kwa sababu kulikuwa na swali moja la hesabu ambalo nilijua jibu lake nikaandika lingine. Nilikuwa mtoto wa kufuta. Madaftari yangu yalikuwa na matundu mahali nilipofuta neno, nikaliandika upya, nikalifuta tena. Mwalimu mmoja aliwahi kuinua ukurasa wangu juu ya dirisha, darasa lote likaona mwanga ukipita, wakacheka. Nilienda nyumbani nikanakili daftari zima upya.

Kwa hiyo kamera iliingia mikononi mwa mtu asiyefaa. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha, na kioo cha nyuma kilichotoshana na kisanduku cha kiberiti. Hakuna mtu nyumbani aliyejua kuitumia. Nilijifunza peke yangu kutoka kwenye kile kijitabu chake, ukurasa kwa ukurasa, na nikaanza daftari la picha: nimesimama umbali gani, mwanga unatoka wapi, ni saa ngapi. Picha iliyokuwa na kasoro niliifuta papo hapo. Hicho ndicho kitu nilichokipenda zaidi kwenye kamera hiyo. Ilikuwa daftari ambalo ukifuta halitoboki.

Desemba hiyo mama alinichukua twende kwao Timau kuvuna viazi. Ukitoka Embu, baridi ya Timau inakushtua kama umekosewa heshima. Upepo unashuka kutoka mlimani, unapita juu ya mashamba ya ngano, na unapokufikia umeshabeba vumbi la makapi. Tulikaa kwa kaka yake mama, Mjomba Kirimi, aliyeishi peke yake. Alifanya kazi kwenye shamba la maua, kwenye banda la kufungashia maua, na mikono yake ilijaa mikwaruzo midogo ya miiba ya waridi. Zamani alikuwa mtu wa reli. Nilichojua ni kwamba alifanya kazi kwenye stesheni moja ndogo ya reli ya zamani ya kwenda Pwani, kisha akarudi nyumbani na sanduku moja. Wakubwa hawakuyazungumza mambo hayo mbele yetu, nami nikajipa maelezo yangu mwenyewe. Niliamua alifukuzwa kazi kwa sababu alikosea kitu. Kwa akili yangu ya wakati ule hakukuwa na njia nyingine ya mtu mzima kupoteza kila alicho nacho.

Jioni ya kwanza alinikuta nikigeuza vikombe vyake kwenye rafu ili mikono yote ielekee upande mmoja. Akasimama akanitazama mpaka nikamaliza.

"Kwetu relini tulikuwa na mtu kama wewe," alisema. "Alikuja mara moja kwa mwaka na tulimwogopa kuliko nyoka. Inspekta."

Jina likabaki. Hata mama alianza kuniita hivyo akitaka kunichokoza.

Kesho yake aliiona kamera shingoni mwangu. Aliuliza kama inapiga kweli ama ni ya mapambo. Nikaanza kumweleza uwezo wake wote kama ulivyoandikwa kwenye kijitabu. Alinikatiza: "Nimeuliza kama inapiga, Inspekta." Nikasema inapiga. Akachukua ufunguo, akanipeleka kwenye stoo ya viazi.

Sijawahi kuingia mahali pengine palipoonekana padogo kwa nje na pakubwa kwa ndani kama pale. Upande mmoja kulikuwa na magunia ya viazi na debe la njahi. Upande mwingine kulikuwa na milango mitatu mikuukuu iliyolazwa juu ya mapipa ikawa meza moja ndefu, na juu ya meza hiyo kulikuwa na nchi nzima. Vilima vilikuwa vya magunia yaliyokaushwa kwa uji mzito wa unga. Reli zilikuwa za waya wa ua, zimenyooshwa kwa nyundo na kulazwa juu ya vipande vya mti wa saipresi, kila kipande kimepakwa oili chafu kiwe cheusi. Mabehewa yalikuwa ya mikebe ya samaki. Tangi la maji la stesheni lilikuwa kopo la rangi ya viatu, na stesheni yenyewe ilikatwa kutoka kwenye katoni za maua, madirisha yake ya picha ya eksirei, mpaka ukiinama ungeweza kuona mbavu za mtu kwenye kioo. Mimi nilikuwa sijawahi kuona treni. Huku kwetu, Meru na Embu, reli haijafika. Ndiyo maana nilipoinama na kuweka jicho usawa wa ile waya, sikuona kichezeo. Niliona treni.

Mjomba alikaa kwenye debe, akashika pedali ya baiskeli iliyokuwa imefungwa chini ya meza. Akaizungusha. Uzi mwembamba ukavutika na treni ikaondoka stesheni polepole sana, ikikwaruza. Ilienda mpaka mwisho wa meza. Kisha aliirudisha kinyumenyume, pole zaidi kuliko ilivyoenda, akiinuka na kuinama, mpaka behewa la mwisho likasimama palepale lilipokuwa. Nilimuuliza kwa nini haiendi mbele ikazunguka ikarudi, kama inavyotakiwa.

"Mimi napenda ikirudi," alisema.

Nilidhani ni kwamba meza haikutosha.

Kwenye jukwaa la stesheni walisimama abiria, njiti za kiberiti zilizovalishwa vitambaa. Mwishoni kabisa kulikuwa na msumari mmoja wenye kutu, umefungwa uzi wa kijani. Nikauliza huyo ni nani. Mjomba akasema huyo ni mwenye bendera, treni haiondoki mpaka aipunge. Na karibu na behewa la mwisho kulikuwa na watu wawili ambao hawakuwa njiti. Walikuwa punje za njahi, kubwa na ndogo, zimegandishwa wima kwa uji juu ya vibanzi vya mti. Mnajua njahi zilivyo, nyeusi tii na ule mstari mweupe. Hao wawili, mstari wao mweupe, uliokaa kama uso, ulielekea mbali na treni.

Niliona ni kosa.

Alichotaka Mjomba kilikuwa kidogo. Alitaka picha moja ya kupeleka Pwani. Kulikuwa na dereva wa lori la karoti aliyekuwa akienda Mombasa Jumamosi, naye alikubali kuibeba. Nilimuuliza picha ni ya nani.

"Ya mtu mmoja muhimu," alisema, akafuta vumbi kwenye paa la stesheni kwa kidole. "Piga hapa kwenye jukwaa. Hata kama pengine patakuwa giza, hapa pasikose."

Mtu muhimu. Pwani. Nikajaza mengine mwenyewe. Huko Pwani yuko mkubwa wa reli, ameketi nyuma ya meza. Mjomba anamtumia picha aonyeshe kwamba bado anaijua kazi, kwamba anakumbuka kila kibanzi, ili asamehewe kosa lake na arudishwe. Mkubwa ataishika picha na kutafuta makosa, kama ambavyo ningefanya mimi. Niliwaza hivyo kwa upendo. Nataka mlijue hilo, ingawa siku hizi naona upendo wangu na woga wangu vilikuwa kitu kimoja.

Siku ya kwanza picha zilitoka nyeusi. Nilipowasha flashi ya kamera, mikebe iling'aa ikawa madoa meupe. Siku ya pili nilifungua mlango mwanga uingie, lakini ng'ambo ya barabara mashine ilikuwa ikivuna ngano, na kila picha ilikuwa na chembe za makapi zikielea kama theluji. Siku ya tatu nilipata moja ambayo Mjomba aliipenda, nikaona mlingoti wa ishara kando ya reli umeegemea kushoto kidogo, nikaifuta akiwa bado anaitazama.

"Mbona umeitoa? Hiyo ilikuwa nzuri."

"Bado, Anko."

"Bado mpaka lini? Dereva haningojei mimi." Kisha akalegeza sauti. "Mtoto wa dada yangu, sikiza. Hata ikiwa mbaya, ni sawa. Si ya kuuzwa."

Sikumwamini. Nilidhani ananionea huruma.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa shambani na Mjomba kazini. Mashine ya ngano ilikuwa imenyamaza, hewa imetulia, na mwanga uliingia mlangoni ukalala juu ya jukwaa kama uliitwa. Nilitandika gunia nikalala kifudifudi juu ya masanduku mawili. Kwenye kioo kidogo kila kitu kilikuwa kweli: reli, tangi, madirisha yenye mbavu. Isipokuwa wale wawili. Niliwageuza, nikawaelekeza kwenye treni kama abiria wengine, kwa sababu nani huenda stesheni akaipa treni mgongo. Wakabanduka kwenye uji mkavu bila shida. Nikapiga. Bado walikuwa wakubwa mno, mkubwa alikuwa na urefu wa mlango wa stesheni, na weusi wao ulivuta jicho lote mpaka treni ikarudi kuwa mikebe. Mkubwa wa Pwani angeanza kwa hao.

Nikawaondoa. Niliwachukua kwa vidole viwili, kwanza mkubwa, halafu mdogo, nikawatia kwenye kijimfuko cha betri ili wasipotee. Vibanzi vyao nikavifuta vumbi na kuvificha nyuma ya tangi. Nikapiga picha moja tu. Niliijua kabla sijaiona. Kwenye daftari langu niliandika saa, umbali na mwanga, na mbele yake neno ambalo sikuwahi kuliandika: safi. Picha nyingine zote nilizifuta, hata za wale wawili, kila moja.

Mjomba alikuja mbio saa sita, wakati wa chakula, bado amevaa aproni ya kazi. Alikuwa na bahasha iliyoandikwa tayari jina nisilolijua, na ndani yake barua iliyokunjwa. Nilimpa kamera. Aliishika mbali na uso, akaivuta karibu, akasogea kivulini, akarudi juani. Macho yake hayakuona vitu vidogo, na miwani hakuwa nayo.

"Naona treni," alisema. "Na watu? Watu wote wanaonekana?"

Nilihesabu njiti zangu kichwani.

"Wote, Anko."

Akarudi kazini karibu akikimbia. Mama alinisindikiza kwenye studio pale sokoni, wakaitoa picha ikiwa bado na joto. Niliitia kwenye bahasha mwenyewe, nikailamba gundi, nikampa dereva mkononi. Sikuruhusu mama aishike, asije akaacha alama ya kidole.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya ngano, nilisikia sauti ya Mjomba kutoka stoo. Hakuita kwa hasira. "Inspekta, hebu njoo." Alikuwa ameinama juu ya jukwaa, kidole kimoja kikielekea mahali patupu.

"Wale wawili wako wapi?"

Punje zilikuwa kwenye mfuko, na mfuko ulikuwa begani mwangu. Ilikuwa kazi ya sekunde tatu kuzitoa. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kwamba mimi ndiye niliyekosea, na mwili wangu haukujua la kufanya. Nikasema labda ni panya. Stoo ya viazi, debe la njahi, panya walikuwepo, kila mtu aliwajua.

Alitazama chini ya meza, akatazama pembeni mwa magunia. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeomba: "Ulipiga picha kabla ya panya ama baada?"

"Kabla," nilisema.

Akavuta pumzi ndefu, akakaa kwenye debe. Nikaona mabega yake yakishuka, nikafurahi, Mungu anisamehe, nikadhani nimemsaidia.

"Basi wamesafiri kweli," alisema.

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake aliziba matundu yote ya stoo kwa vipande vya bati, akipiga misumari taratibu, nami nikamshikia taa ya mkononi ili aone vizuri pembeni. Debe la njahi lilikuwa pale, limejaa. Hakuchukua nyingine.

Tuliporudi Embu mifuko ilifunguliwa, mfuko wa kamera nikautundika. Wiki chache baadaye mama alikaa jikoni akichambua njahi kwenye sinia, za jirani yetu aliyekuwa amejifungua. Kwetu ndicho chakula cha mama mzazi. Hata mtu asiyekuwa na kitu hutafuta njahi siku hiyo. Nilimuuliza, kama ninayeuliza jambo dogo tu, kwa nini Mjomba Kirimi aliweka watu wa njahi pale stesheni.

Mama hakuinua macho kwenye sinia. Aliniambia kwamba Mjomba alikuwa na mke, mwanamke wa Pwani, na walizaa mtoto kulekule stesheni, mbali na kila mtu. Hakukuwa na mama mkwe wala shangazi wa kumpikia. Mjomba alituma njahi kutoka Timau zikaletwa na treni, akazipika mwenyewe, akazisonga na ndizi, akamlisha mkewe kwa siku nyingi. Mtoto alipewa jina Kagendo. Baadaye walishindwana, kama watu wanavyoshindwana, na mkewe akaamua kurudi kwao na mtoto.

"Siku hiyo ilikuwa zamu yake," mama alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa na bendera. Angefanya nini, aikatae treni? Akaipungia."

Aliokota jiwe kwenye njahi, akalitupa. "Hata hatujui kama walimwangalia. Hajawahi kusema. Ile picha uliyopiga ni ya Kagendo, amemwambia kwenye simu atafute stesheni atajiona yuko pale. Umefanya jambo kubwa sana, wewe."

Nilienda nikasimama mbele ya mfuko wa kamera pale ulipotundikwa, nikarudi bila kuufungua.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na kutoka siku hiyo nilijua kila kitu. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwa utoto. Ningeweza kuzirudisha punje, lakini ningezirudishaje zilizoliwa na panya? Ningeweza kumwandikia Kagendo. Nilianza barua, nikaona mwandiko si mzuri, nikafuta, karatasi ikatoboka. Nilianza nyingine. Nimeanza nyingine kwa miaka yote hii. Mama alileta habari siku moja kwamba Kagendo amesema asante kwa picha. Basi, asante tu. Mjomba alikuwa akingoja aseme zaidi, mama alisema, lakini watoto wa siku hizi hawana maneno. Baada ya hapo simu zikapungua, halafu nikasikia hakuna tena.

Mjomba Kirimi alikufa nikiwa nimemaliza chuo na kuacha kile nilichosomea. Kilikuwa kifua, kilichomsumbua muda mrefu kuliko alivyosema. Kazi ninayoifanya nilijifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza kamera: natengeneza picha za watu kwenye kompyuta, hapa Embu. Nyingi ni za harusi. Mtu analeta picha anasema mtoe huyu, tumeachana, nami namtoa, najaza ukuta na maua mahali alipokuwa amesimama, na wateja husema huwezi kujua palikuwa na mtu. Ninajulikana kwa hilo.

Siku ya mazishi Timau kulikuwa na manyunyu ya baridi. Kagendo alifika. Hakuna aliyemtarajia. Alikuwa amevaa viatu vya wazi na gauni jepesi la watu wa joto, na mama alimfunika leso mbili na koti la marehemu. Ana mdomo wa Mjomba. Baada ya kaburi nilimpelekea chai nyuma ya nyumba, karibu na stoo, akaniuliza kama mimi ndiye mtoto wa picha. Nikasema ndiyo. Akafungua mkoba, akaitoa. Imekunjwa katikati mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo, lakini treni bado ilikuwa nzuri. Niliona kwanza kwamba mlingoti umenyooka.

"Aliniambia nimo," alisema. "Nilikuwa na miaka tisa. Niliipekua hii picha kwa lensi ya miwani ya babu yangu. Kila njiti niliiangalia. Nilimuuliza mama ni ipi mimi, akasema unaona, baba yako hata kwenye picha hakukuweka." Akacheka kidogo kwa pua. "Sikumuuliza baba mwenyewe. Ningemuulizaje? Ningeambiwa nini?"

Chai yake ilikuwa ikipoa haraka kwa baridi. Sentensi ilikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa nikiipanga, nianze na panya au nianze na mkubwa wa Pwani, na kabla sijaamua nikaitwa mbele nikapige picha ya familia. Nikaenda. Nilimpanga Kagendo mstari wa mbele, nikamrekebishia kola ya koti. Aliondoka alasiri hiyo hiyo. Mwaka haukuisha, ile milango mitatu ikarudi kuwa milango, vilima vikawa takataka, na stoo ikajaa viazi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo pale sakafuni wiki iliyopita, na mwenye mkokoteni mlangoni. Niliweka zile punje mbili kwenye kiganja, maganda tu, mepesi kama si kitu. Ule mstari mweupe ulikuwa bado upo. Namba ya Kagendo iko kwenye simu yangu tangu mazishi, na chini yake kuna ujumbe niliouandika nusu, mara ngapi sijui.

Nikapiga picha kwa simu. Dirisha lilikuwa nyuma yangu, kivuli changu kikaanguka juu ya kiganja, nami sikungoja simu ilenge, ikatoka na ukungu. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye alama ya kufuta. Nikakiondoa kwa mkono mwingine, kweli kabisa, kama unavyomwondoa mtoto kwenye moto. Nikaituma hivyo ilivyo. Chini yake nikaandika: Mkubwa ni mama yako. Mdogo ni wewe. Alikuweka. Mimi ndiye niliyewatoa, nikasema ni panya.

Mwenye mkokoteni alikuwa ameshusha vitu vyote, hata vile ambavyo sijavipanga, jibu lilipoingia. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimeyatayarishia majibu. Lilikuwa swali moja:

"Kabla hujatutoa tulikuwa tunaangalia wapi?"

Nilikaa kwenye ngazi. Sikuwa na picha yoyote ya kumwonyesha, nilizifuta zote. Daftari langu lina saa, umbali na mwanga, na hilo halimo. Lakini nalijua kuliko kitu kingine chochote nilichokiona utotoni, kwa sababu siku zote tatu lilikuwa likiniudhi kwamba ni kosa, na mtu aliyehitaji kulisikia amelala Timau chini ya udongo wa baridi, naye mwenyewe ndiye aliyeligandisha pale kwa uji.

Nikamwandikia Kagendo kwamba walikuwa wameipa treni mgongo. Walikuwa wakimwangalia mwenye bendera.

Halafu nikaongeza, kwa sababu hilo nalo ni langu, kwamba mimi niliwageuza kwanza, ndipo nikawatoa.

Hajajibu. Punje nimezirudisha kwenye mfuko, na unga wake.